NENO "SIWEZI" NA MADHARA YAKE

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu, katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha hapa Kona ya Musa lilizuka neno moja lililotushughulisha sana, na hata baada ya sala watu walibaki kibarazani wakiendelea nalo. Mzee mmoja katika wanadarasa alikuja na mwanawe, kijana aliye katika mwaka wa mtihani wake wa kidato cha nne. Mmoja wetu akamwuliza kijana anajitayarisha vipi. Kabla kijana hajafungua kinywa, baba yake akamjibia: "Huyu mwacheni tu, Maalim. Sisi watu wa huku si watu wa vitabu. Akimaliza atatafuta kazi ya bodaboda au ya hoteli, na riziki ni ya Mungu." Kijana aliinamisha kichwa. Alipoulizwa mara ya pili alijibu kwa maneno mawili tu: "Siwezi hisabu."

Hatumtaji mzee huyu kwa kumlaumu. Twamjua kuwa ni baba mwema, na alilolisema lilitoka katika mapenzi: hakutaka mwanawe atumai sana kisha avunjike moyo. Lakini tulimwuliza kijana suala jingine: je, umehifadhi juzuu ya Amma? Akasema ndiyo, tangu alipokuwa na miaka minane. Juzuu ya Amma ina sura 37. Basi mtoto wa miaka minane aliyezitia kifuani sura 37, katika lugha asiyoizungumza nyumbani kwao, bila ya kupunguza herufi wala kuzidisha, ndiye huyu leo tunayemwambia kwamba kichwa chake ni kizito, naye ametusadiki.

Hapo mwanadarasa mwingine akauliza masuala mawili. La kwanza: je, mtu kuamini kwamba aweza jambo kwamzidishia kweli uwezo wa kulifanya, au ni maneno ya kujiliwaza tu? La pili: je, yafaa Muislamu aseme "naweza", na hali uwezo wote ni wa Mwenyezi Mungu? Tuliahidi kuyajibu kwa maandishi, na jawabu yetu ndiyo hii.

JE, KUAMINI UWEZO KWAFAA KITU?

Mtazameni mkwezi wa nazi. Mnazi ni ule ule, ngazi zilizochongwa ni zile zile, na miguu ni ile ile aliyopandia jana. Akiwa na yakini na miguu yake, hupanda kwa nguvu kidogo tu, na jicho lake hutazama pale anapokwenda. Lakini akiingiwa na khofu katikati ya mti, magoti huanza kutetema, mikono huukumbatia mnazi kwa nguvu zisizohitajiwa, pumzi hukatika, na zile nguvu ambazo zingalimfikisha juu zikaishia katika kushika. Mti haukurefuka, na nguvu za mkwezi hazikupungua, ila zimehamishwa kazi. Zilikuwa za kupanda, sasa zimekuwa za kuogopa.

Na mwanafunzi mbele ya karatasi ya mtihani ni kama mkwezi huyo. Akili yake yote ingalitosha hisabu iliyo mbele yake, lakini nusu yake imechukuliwa na sauti imwambiayo, "Hii huiwezi, wenzako wote wamekwisha kuandika, wewe umebaki." Hafanyi hisabu kwa akili nzima, afanya kwa nusu ya akili, kisha twamhukumu kwa matokeo ya nusu hiyo.

Lakini madhara makubwa zaidi hayatokei siku ya mtihani. Hutokea miezi na miaka kabla yake. Anayeamini kwamba hawezi hisabu hazifanyi. Zikiwa kumi huzijaribu mbili, ya tatu ikimkaza huiacha, kwani yuna haja gani ya kujichosha na jambo asiloliweza? Mwenziwe anayeamini kwamba aweza, ya tatu ikimkaza huirudia, humwuliza mwalimu, hulala nayo na kuamka nayo. Baada ya mwaka mmoja watu hawa wawili hawawi sawa tena, hata kama walianza sawa. Hapo yule wa kwanza hushindwa, na kushindwa kwake akakufanya ushahidi, akasema, "Si niliwaambia?" Neno "siwezi" basi ni mdai ambaye hujitengenezea shahidi wake mwenyewe, kisha akashinda kesi.

Wataalamu wa ilimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Albert Bandura, mwalimu wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, alitoa mwaka 1977 maandishi yaliyokuwa msingi wa uchunguzi mwingi uliofuata. Alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake katika kazi fulani hugusa mambo matatu: kama atakubali kuianza kazi hiyo, ni juhudi kiasi gani ataitia, na atastahamili muda gani pindi akipatwa na taabu. Angalieni kwamba hakusema imani hiyo yafanya kazi kama uganga. Alisema yafanya kazi kwa kupitia juhudi na subira, nayo ni maneno ambayo bibi zetu waliyajua. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini hatagaagaa na upwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba ufuoni hamna kitu.

Katika mbio pia uko mfano. Kwa miaka mingi wakimbiaji walishindwa kuikimbia maili moja chini ya dakika 4, hata wako waliodhani kwamba mwili wa binadamu hauwezi. Tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister, aliyekuwa akisomea udaktari, aliikimbia huko Oxford kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Hazikupita ila siku 46, John Landy wa Australia, ambaye kabla yake alikuwa akikwama mara kwa mara katika dakika 4 na sekunde 2, akaikimbia huko Turku, Finland, kwa muda mfupi kuliko wa Bannister. Miguu ya Landy haikubadilika katika siku 46.

Wako wanaoichukua khabari hii wakasema kwamba kizuizi chote kilikuwa moyoni tu. Hayo ni kupindukia. Bannister alijizoeza kwa hisabu na kwa ilimu, na walikuwako wenziwe wawili waliomwongozea mbio siku ile. Mwana wa Kenya, Eliud Kipchoge, alijaribu tarehe 6 Mei 2017 huko Monza, Italia, kukimbia marathoni chini ya saa mbili, akapitwa na sekunde 25. Hakusema kwamba haiwezekani. Alirudi mazoezini, na tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akisaidiwa na wakimbiaji 41 waliokuwa wakipokezana kumkata upepo. Mbio zile hazikuhesabiwa katika rekodi rasmi kwa sababu ya misaada hiyo, lakini kwa suala letu funzo ni hilo hilo: imani ndiyo iliyomrudisha mazoezini, mazoezi ndiyo yaliyompa nguvu, na wenziwe ndio waliomfikisha. Mtu akiondoa moja katika hayo matatu, mengine hayasimami.

JE, KUSEMA "NAWEZA" NI KIBRI?

Sasa tuje katika suala la pili, nalo ndilo lililo zito zaidi kwetu, kwani wengi miongoni mwetu hufikiri kwamba kujidharau ni unyenyekevu, na kwamba mwenye kusema "siwezi, ni majaaliwa" ndiye aliyemtegemea Mungu zaidi.

Twasema kwamba hapa mambo manne yamechanganywa, na kila moja lataka kutengwa. La kwanza ni kuutambua uwezo uliopewa. La pili ni kibri, nako ni kuudai uwezo huo kuwa ni wako mwenyewe na kuwadharau wasiokuwa nao. La tatu ni ghururi, nayo ni kudai uwezo usiokuwa nao. La nne ni tawakkul, nayo ni kumtegemea Mwenyezi Mungu baada ya kufanya lililo juu yako. Hili la kwanza halipingani na la nne, bali ni mlango wake.

Tazameni katika Qur'ani visa vya watu wawili waliopewa. Karuni, katika Sura ya 28, alipokumbushwa neema aliyopewa alidai kuwa ameipata kwa ujuzi alio nao yeye. Na Nabii Sulaiman, katika Sura ya 27, alipokiona kiti cha enzi kimeletwa mbele yake, alisema kwamba hiyo ni fadhila ya Mola wake, ili amjaribu kama atashukuru au atakufuru. Wote wawili walijua kwamba wana kitu, na hata Sulaiman hakujisingizia kuwa hana. Tofauti yao ni katika kujibu kimetoka kwa nani, na ni cha kufanyia nini. Basi mtu aliyepewa akili akasema sina, huyo hakufuata njia ya Sulaiman. Ni kama mtu aliyewekewa amana, akaifukia, kisha akaapa kwamba hakupewa.

Twalisema kila siku neno la kwamba hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Neno hili halisemi kwamba hapana nguvu kisha likanyamaza. Lasema kwamba nguvu ziko, na lamtaja Mwenye kuzitoa. Mwenye kulitamka kisha akakaa kitako amelikata nusu. Na Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, alitufundisha kuwa Muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, ingawa wote wana kheri, na katika Hadithi hiyo hiyo ametuamrisha tujitahidi katika linalotufaa, tumwombe Mwenyezi Mungu msaada, na tusione unyonge. Angalieni mambo matatu yamewekwa pamoja: juhudi, dua, na kukataza unyonge. Aidha alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na unyonge na uvivu. Vipi tutaufanya unyonge kuwa ni ibada, na hali Mtume wetu alikuwa akijikinga nao?

Mtaa wetu waitwa Kona ya Musa, na jina hilo latosha kutukumbusha kisa cha Nabii Musa, kwani ndani yake zimo njia zote mbili. Alipotumwa kwa Firauni, Musa hakuona kuwa kazi ni nyepesi. Alikhofu kukadhibishwa, aliona kifua chake ni chenye dhiki, na alijua kwamba ulimi wake si mwepesi. Lakini hakufanya upungufu huo kuwa mwisho wa maneno. Alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amrahisishie kazi yake, amfungue fundo la ulimi, na ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. Kisha akaenda. Huo ndio mwendo wa mtu wa haki: alisema upungufu wake kwa jina lake, akauombea, akautafutia msaidizi, akainuka.

Kisha katika Sura ya 5 twasoma khabari za kaumu yake walipoamrishwa waingie katika nchi takatifu. Walisema kwamba ndani yake wamo watu majabari, na kwamba hawataingia mpaka hao watoke kwanza. Watu wawili miongoni mwao waliwaambia waingie kwa mlangoni tu, na wakiingia watashinda, na wamtegemee Mwenyezi Mungu. Hawakusikia. Ikaharimishwa nchi hiyo juu yao miaka 40, wakawa wakitangatanga jangwani. Na ajabu ni kwamba wale wawili waliosema "ingieni" na "tegemeeni" wameyasema yote mawili kwa mara moja. Kwao hayakuwa mambo mawili yanayogombana.

KISA CHA MTOTO WA MVITA

Huenda mtu akasema: hao ni Mitume, na hao wengine ni wakimbiaji, sisi je? Basi tutaje mtu wa pwani yetu, tena mtoto wa nyumba ambayo wasomaji wa maandishi ya dini waijua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ndiye aliyewaandikia watu wa pwani magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, akiwahimiza wasome na waache uzembe. Alifariki mwaka 1947. Mwanawe Ali alizaliwa Mombasa mwaka 1933, kwa hivyo alibaki yatima akiwa na miaka 14. Mwaka 1949 alifanya mtihani wa mwisho wa skuli, akapata daraja ya tatu. Daraja hiyo haikumtosha kuingia Makerere, nacho ndicho chuo kikuu kilichokuwa kikitazamiwa na vijana wa Afrika Mashariki wakati ule.

Lau angalikuwa katika baraza zetu za leo, huenda tungalimwambia: "Wacha tu, mwanangu, kila mtu na bahati yake." Alifanya kazi ndogo katika chuo cha ufundi cha Waislamu mjini Mombasa, ambacho leo kimekuwa chuo kikuu. Huko alitoa hotuba ya Maulidi mbele ya Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, na hotuba hiyo ikawafanya watu wamtazame upya. Baadaye alipata msaada wa kwenda kusoma Uingereza. Alipata shahada yake Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia huko New York mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere, kile chuo kilichomkataa alipokuwa kijana? Aliingia huko kufundisha mwaka 1963, na mwaka 1965 akawa profesa akiwa na miaka 32. Alipofariki Oktoba 2014, Profesa Ali Mazrui alikuwa akijulikana dunia nzima, na kaburi lake liko Mombasa.

Tusikikuze kisa hiki kupita kadiri yake. Hatusemi kwamba imani peke yake ndiyo iliyomfikisha. Alikuwa mtoto wa nyumba ya ilimu, na palipatikana mwenye amri aliyemsikia na mlango ukafunguliwa. Wako wengi waliojiamini na mlango haukufunguliwa. Lakini lau daraja ya tatu ingalimnyamazisha, siku ile angaliketi nyuma ya ukumbi, na Gavana angalirudi zake bila ya kumsikia. Imani haikumfungulia mlango. Ilimfanya awe amesimama mlangoni ulipofunguliwa.

Na hapa yatupasa tuseme kwa insafu: kijana aliyekosa karo, au anayesoma kwa taa ya kibatari, au ambaye skuli yake ina mwalimu mmoja wa hisabu kwa madarasa yote, huyo hatumwambii "jiamini" kisha tukaondoka. Hiyo ni dhulma iliyovikwa nguo ya nasaha. Mwenye kumwambia mtu aweza, ni juu yake kumsaidia aweze.

IMANI HII YAPATIKANA VIPI?

Bandura aliyetajwa juu alifanya majaribio na watu wenye kuogopa nyoka kupita kiasi. Baadhi yao waliwatazama tu watu wengine wakimshika nyoka. Wengine waliongozwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika kwa mikono yao wenyewe. Wale walioshika kwa mikono yao ndio waliozidi kupata imani na ujasiri. Kwa hivyo alisema kwamba chimbuko kubwa la imani hii ni mtu kufanya na kufaulu, japo kwa kidogo. Baada yake ni kumwona mtu mfano wako akifanya. Kisha ni kuambiwa na mtu unayemwamini. Na la nne ni hali ya mwili wenyewe, kwani mwenye njaa, mwenye kukosa usingizi na mwenye moyo unaodunda kwa khofu huidhani hali ile kuwa ni dalili ya kushindwa.

Nasi tukitazama sira twaona kwamba njia hii si ngeni kwetu. Baada ya vita vya Yamama, ambamo walikufa wahifadhi wengi, Sayyidna Abu Bakr alimwita Zaid bin Thabit amkalifishe kazi ya kuikusanya Qur'ani. Zaid aliiona kazi hiyo kuwa ni nzito kuliko kuhamisha mlima. Bukhari ametupokelea namna Abu Bakr alivyomtia nguvu. Hakumsifu kwa sifa za hewani. Alimtajia mambo yaliyokuwa kweli juu yake: kwamba ni kijana, kwamba ana akili, kwamba hawana shaka naye, na kwamba alikuwa akimwandikia Mtume wahyi. Yaani alimkumbusha kazi aliyokwisha kuifanya, ili aione ile anayopewa kuwa ni ndugu yake. Huko ndiko kutia moyo kwenye faida. Mtoto ukimwambia "wewe ni hodari kuliko wote" hakusadiki, na akikusadiki utakuwa umemtia ghururi. Lakini ukimwambia "uliweza ile, na hii ni kama ile", umempa kitu cha kushika.

Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas kisa cha mtu wa Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) hakumpa mawaidha matupu wala hakumpa sadaka akamwacha. Vitu viwili alivyokuwa navyo nyumbani viliuzwa dirhamu mbili. Kwa moja akanunua chakula cha watu wake, na kwa ya pili akanunua shoka, ambalo Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu. Kisha akamwamuru akate kuni auze, asimwone kwa siku 15. Mtu yule akarudi na dirhamu kumi. Tazameni yaliyomo: chakula kwanza, chombo cha kazi, mkono wa msaidizi, kazi aiwezayo, na muda uliowekwa.

YALIYO JUU YETU

Yako basi mambo ambayo kila mmoja katika sisi aweza kuyaanza leo.

Wazazi, wacheni kumjibia mtoto anapoulizwa juu ya nafsi yake. Na lile neno la kwamba watu wa pwani ni wavivu na si watu wa vitabu, ambalo tumelisikia likisemwa na wengine mpaka tukalimeza, tusiwarithishe watoto. Wazee wetu walikwenda Arabuni na Bara Hindi kwa matanga, wakirudi kwa msimu wa kaskazi, na njia yao baharini ni nyota na hisabu. Haiwi watu hao wakazaa watoto wasioweza hisabu.

Walimu, wa chuo na wa skuli, jueni kwamba mtoto husoma uso wenu kabla ya kusoma ubao. Mwaka 1968 Rosenthal na Jacobson huko Marekani walieleza jaribio ambalo ndani yake walimu waliambiwa kwamba watoto fulani watachanua mwaka ule, na hali watoto hao walichaguliwa kwa kura tu. Katika madarasa ya chini watoto hao wakazidi wenziwao. Wataalamu waliokuja baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa athari hiyo, wengi wakiiona kuwa ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, lakini hata iwe ndogo, mwalimu hapati faida yoyote kwa kumwita mtoto mjinga.

Na nyinyi vijana, "naweza" isiyokuwa na kazi ni ghururi. Mkwezi mwenye kujisifu asitazame kama ngazi ya mti imeoza, yakini yake ndiyo itakayomwangusha. Jueni mnaloliweza, jueni msilolijua, na msilolijua liiteni kwa jina lake.

Hilo la mwisho ndilo tulilojifunza kwa yule kijana. Siku chache baada ya darasa lile tulimkalisha na kitabu chake, tukarudi nyuma naye mpaka tukafika pale miguu yake inapokanyaga pakavu. Tukakuta kwamba hakukosa akili. Alizikosa hisabu za sehemu tangu skuli ya msingi, muhula aliokuwa mgonjwa, na hakuna aliyerudi nyuma kumchukua. Tangu hapo kila hisabu iliyojengwa juu ya sehemu ilimwangukia. Basi neno lake lilikuwa na makosa. Hakuwa "siwezi", alikuwa "sikufundishwa".

Tukamwuliza: mtu amekufa, ameacha mke, mama, na mtoto mmoja wa kiume, na shamba la minazi 24. Gawanya. Mirathi alikuwa ameisikia chuoni. Alifikiri kidogo, akasema mke apata thumuni, yaani minazi mitatu. Mama apata sudusi, yaani minne. Na mtoto apata iliyobaki, minazi 17. Tukamwambia, "Hizo ndizo hisabu za sehemu." Alitutazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokuwa akiipita kila siku ni yake.

Mtihani wake haujafika, wala hatujui atapata nini. Hilo twamwachia Mwenyezi Mungu baada ya yeye na sisi kufanya lililo juu yetu. Lakini baba yake, ambaye alikuwa akimpeleka kazini kila Jumamosi, sasa humwacha aje darasani. Jumamosi iliyopita mzee mwenyewe alikuja naye, akaketi kibarazani akisikiliza, na mmoja wetu alipomwuliza kijana kama aiweza ile hisabu iliyo mbele yake, mzee alinyamaza, akangoja mwanawe ajibu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atukinge na unyonge na uvivu, atukinge na kibri na ghururi, azikunjue nyoyo za watoto wetu na kuzifungua ndimi zao, na atujaalie sisi wakubwa tuwe ngazi zao wala tusiwe mizigo yao. Amin.